Tartani: nguo ya ukoo ilivyogeuka kuwa nguo ya nchi

Leo tunaitazama nguo ambayo wengi wetu tumekwisha kuiona, iwe katika mitaa ya Edinburgh au Glasgow, iwe katika gwaride la wapiga zumari za mfuko. Hata huko Oman bendi za jeshi hupiga zumari hizo, na wapigaji wengine huzipiga wakiwa wamepanda ngamia. Nguo tunayoizungumzia ni tartani, kitambaa cha sufu chenye miraba ya rangi mbalimbali, ambacho Waskoti hukishonea kilti, yaani ile sketi ya mikunjo ivaliwayo na wanaume.

Watu wengi huamini kuwa kila tartani ni mali ya ukoo fulani tangu enzi za kale, na kwamba asiye wa ukoo huo hana haki nayo. Historia yasema vingine. Zipo tartani nyingi ambazo hazikubuniwa kwa ajili ya ukoo wowote, bali kwa ajili ya mahali: bahari yake, mawe yake, misitu yake na machweo ya jua lake. Swali letu leo basi ni hili: ni nani mwenye mamlaka ya kubuni tartani mpya na kuipa jina? Na nguo iliyobuniwa jana yaweza kuwa na ukweli gani ndani yake?

Kijiti cha mfumaji

Kwanza tuielewe nguo yenyewe. Mfumaji hutandika nyuzi za mtande kwa kufuata mpangilio maalumu wa rangi, kisha hupitisha nyuzi za mshindio kwa mpangilio uleule. Pale rangi moja inapokutana na yenyewe hubaki ilivyo. Pale rangi mbili zinapokatana huzaa rangi ya tatu, iliyo mchanganyiko wa hizo mbili. Kwa hiyo mwenye nyuzi za rangi 2 hupata rangi 3 machoni, mwenye 3 hupata 6, na mwenye 6 hupata 21. Mpangilio huo huenda hadi kikomo chake, kisha katika tartani nyingi hurudi kinyumenyume kama sura katika kioo, na kujirudia hivyo nguo nzima.

Mabinti wa pwani yetu huitambua kanga kwa pindo lake, mji wake na jina lililoandikwa juu yake. Tartani haina maandishi. Utambulisho wake umo katika hesabu: nyuzi ngapi za buluu, zikifuatwa na ngapi za kijani, zikifuatwa na ngapi nyeupe. Ukibadilisha hesabu, umebadilisha nguo.

Ufumaji wa namna hii ni wa kale. Karibu na mji wa Falkirk kilipatikana kipande kidogo cha nguo ya miraba, cha rangi mbili za asili ya sufu, kikiwa pamoja na chungu chenye karibu sarafu 2,000 za fedha za Kirumi. Umri wake ni wa karne ya 3. Kipande kingine kilitolewa katika udongo wa kinamasi huko Glen Affric mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu waliokichunguza walitangaza mwaka 2023 kuwa kilifumwa kati ya mwaka 1500 na 1600, na kwamba hakikuwa na rangi yoyote ya viwandani.

Lakini ushahidi ulio muhimu zaidi kwa mada yetu umo katika kitabu. Mwaka 1703 Martin Martin, mzaliwa wa kisiwa cha Skye, alichapisha maelezo yake kuhusu visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Humo alieleza kuwa mavazi ya miraba hutofautiana kutoka kisiwa hadi kisiwa, hata msafiri aliyezoea nchi hiyo aweza kukisia mtu anatoka wapi kwa kuitazama nguo yake. Alieleza pia kuwa wanawake wafumaji walihifadhi mpangilio wa kila nguo kwenye kijiti, wakionyesha humo idadi ya nyuzi za kila mstari.

Tuyatie mambo haya mawili akilini. Kwanza, Martin anataja mahali. Nguo ilimwambia msafiri mtu anakaa wapi, wala si lazima baba yake ni nani. Pili, daftari la kwanza la tartani tunalolijua lilikuwa kijiti mikononi mwa mwanamke mfumaji.

Marufuku

Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden, jeshi la serikali ya Uingereza liliwashinda wafuasi wa Charles Edward Stuart, aliyekuwa akipigania kiti cha enzi kwa ajili ya ukoo wake. Wengi wa wafuasi hao walitoka Nyanda za Juu za Uskoti. Mchoro maarufu wa David Morier kuhusu vita hivyo unawaonyesha wapiganaji hao wakiwa wamevaa tartani nyingi tofauti, hata mtu mmoja akiwa na zaidi ya moja mwilini. Hakuna sare ya ukoo inayoonekana humo.

Baada ya ushindi, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume na wavulana. Iliyaanzia makali yake Agosti 1747. Aliyepatikana na kosa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Aliyerudia alisafirishwa kwenda makoloni ya ng'ambo kwa miaka 7. Wanajeshi hawakuhusika na marufuku hiyo. Kijana wa Nyanda za Juu aliyetaka kuvaa nguo ya babu zake bila hofu alikuwa na njia moja, nayo ni kujiunga na vikosi vya mfalme yuleyule aliyeipiga marufuku.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Kwa muda wa miaka 35 kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kuivaa, na kumbukumbu nyingi zilikuwa zimepotea. Pengo hilo ndilo lililojazwa na wafanyabiashara, machifu, mfalme na, mwishowe, waghushi.

Biashara, ufalme na uongo

Katika kijiji cha Bannockburn kilikuwako kiwanda cha William Wilson na wanawe, kilichokuwa muuzaji mkubwa wa tartani kwa jeshi na kwa raia. Daftari lao la mitindo la mwaka 1819 lingalipo hadi leo. Humo baadhi ya tartani zina namba tu, na nyingine zimepewa majina kwa kufuata matakwa ya soko.

Mwaka 1815 Jumuiya ya Nyanda za Juu ya London iliwaomba wakuu wa koo kupeleka kipande cha tartani ya ukoo wao, kikiwa na muhuri wa chifu. Ombi hilo liliwatia wakuu kadhaa katika shida, maana hawakujua tartani yao ilikuwa ipi. Miaka 7 baadaye, Agosti 1822, Mfalme George wa 4 alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott alikabidhiwa kazi ya kuipanga ziara hiyo. Waheshimiwa walihimizwa kuvaa tartani, na mfalme mwenyewe akajitokeza amevaa kilti. Nguo iliyokuwa alama ya waasi ikawa vazi la heshima la taifa zima.

Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walichapisha kitabu cha Vestiarium Scoticum, wakidai kimetokana na hati ya kale yenye orodha ya tartani za koo. Hati hiyo ilikuwa ya kughushi. Ajabu ni kwamba baadhi ya tartani zilizomo humo zinavaliwa hadi leo kwa fahari, na watu wenye haki kabisa ya majina hayo.

Mwaka 1983 mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliyakusanya mambo haya katika sura iliyozua mjadala mkali. Aliandika kuwa mtindo mmoja wa Wilson ulianza kama namba tu, kisha ukaitwa Kidd uliponunuliwa kwa wingi na mtu wa jina hilo kuwavika watumwa wake visiwani Karibiani, na baadaye ukawa tartani ya ukoo wa Macpherson. Kitambaa kilekile kimoja kilimvika mtumwa na kumvika chifu.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kukijua kitabu kilichobeba sura hiyo, The Invention of Tradition. Mmoja wa wahariri wake wawili alikuwa Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Sura aliyoiandika Ranger mwenyewe ilihusu Afrika ya wakoloni, na jinsi watawala walivyozichukua desturi zilizokuwa zikibadilika, wakaziandika kama mila za tangu na tangu zisizoguswa. Uskoti na Afrika zikakutana katika jalada moja, kwa sababu tatizo lilikuwa moja: nani huandika kilicho cha kale, na kwa faida ya nani?

Rangi za mlima

Huku koo zikitafutiwa tartani, wazo jingine lilikuwa likiota pembeni. Mwaka 1852 familia ya kifalme ilinunua ardhi ya Balmoral, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, akabuni tartani ya mahali hapo. Hakutumia nyekundu na kijani kali zilizopendwa zama hizo. Alichagua kijivu, rangi ya mawe ya granaiti ya eneo hilo, akaipitisha mistari ya rangi nyeusi na nyekundu.

Wakati huohuo wenye mashamba makubwa ya kuwindia paa walikuwa wakiwafumia watumishi wao nguo nzito zenye rangi za mlima husika, rangi za majani makavu, mawe na vichaka, ili mwindaji asionekane na mnyama. Mandhari ikaanza kuwa kipimo cha rangi. Hata hivyo, nguo hizo zilikuwa za mwenye ardhi. Tartani ya Balmoral haivaliwi na yeyote nje ya familia ya kifalme bila idhini, na mtumishi wa shamba alivaa rangi za mlima usiokuwa wake.

Hatua iliyofuata ilipigwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Mchungaji wa Truro

Tangu karne ya 18 maelfu ya watu wa Nyanda za Juu walihama makwao, wengine kwa kupandishiwa kodi, na wengine, hasa katika karne ya 19, kwa kufukuzwa ili ardhi yao iwe malisho ya kondoo. Waskoti wakasambaa duniani. Hata jina la Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu nchini Kenya, limetokana na jinsi Wakikuyu walivyolitamka neno Scot walipokuwa wakiwataja wamisionari wa Kanisa la Uskoti. Mwaka 1773 meli iitwayo Hector ilitia nanga Pictou, katika nchi ya Nova Scotia ambayo leo ni jimbo la Canada, ikiwa na wahamiaji wapatao 200.

Miaka 180 baadaye, yaani 1953, maonyesho ya kilimo yalifanyika katika mji wa Truro jimboni humo. Mfumaji aliyeitwa Bessie Murray alikuwa ametengeneza picha kubwa ya kitambaa kuhusu historia ya ufugaji wa kondoo. Ndani ya picha hiyo alimweka mchungaji aliyevaa kilti. Hapo akakabiliwa na tatizo: amvike mchungaji tartani ya ukoo gani? Akichagua ukoo mmoja, koo nyingine zingenung'unika. Akaamua kubuni mpya, isiyokuwa ya yeyote.

Rangi zake alizipata katika mandhari ya pwani ya Terence Bay, karibu na Halifax, kwenye bahari na mawe ya granaiti. Buluu ni bahari. Nyeupe ni mawe hayo na povu la mawimbi. Kijani ni misitu. Akaongeza mstari wa dhahabu kwa ajili ya hati ya kifalme iliyoanzisha Nova Scotia mwaka 1621, na mwekundu kwa ajili ya simba aliyemo katika ngao ya jimbo.

Watu waliokuja kutazama habari za kondoo wakavutiwa na kilti ya mchungaji. Mwaka 1955 serikali ya jimbo iliikubali rasmi tartani hiyo. Mwaka 1956 iliandikishwa mjini Edinburgh katika Mahakama ya Lord Lyon, chombo kinachosimamia nembo nchini Uskoti, ikawa ya kwanza ya jimbo lolote la Canada. Mwaka 1963 bunge la jimbo likaitungia sheria.

Tazameni mzunguko wa mambo. Kondoo ndio waliowang'oa wakulima wengi wa Nyanda za Juu katika mashamba yao, na kondoo ndio waliosababisha kuzaliwa kwa nguo ya wale waliong'olewa.

Wengine wakafuata mfano huo. Mwaka 1957 kisiwa cha Cape Breton kilipata tartani iliyobuniwa na Elizabeth Grant kwa kufuata shairi la mwaka 1907 la Lillian Crewe Walsh: nyeusi kwa makaa ya mawe, kijivu kwa chuma cha pua, kijani kwa milima na mabonde, dhahabu kwa machweo. Jimbo la New Brunswick likapata yake mwaka 1959. Mwaka 1964 David Weiser akabuni tartani ya jani la mti wa maple, yenye kijani cha kiangazi, dhahabu ya mwanzo wa vuli, wekundu wa baridi ya kwanza na kahawia ya majani yaliyoanguka. Mwaka 2011 tartani hiyo ilitangazwa kuwa alama rasmi ya taifa la Canada.

Lakini mahali nako kuna wenyewe. Kabla ya jina Nova Scotia kuandikwa katika hati yoyote, nchi hiyo ilikuwa ya watu wa Mi'kmaq. Wakulima wa asili ya Kifaransa, Waakadia, walianza kufukuzwa humo mwaka 1755. Kuanzia mwaka 1783 waliingia watu weusi wapatao 3,000 walioukimbia utumwa katika vita vya uhuru wa Marekani, na kwa kuchoshwa na dhuluma, karibu 1,200 kati yao wakaondoka kwenda Sierra Leone mwaka 1792. Mwanahistoria wa Canada, Ian McKay, ameonyesha jinsi serikali ya jimbo, chini ya waziri kiongozi Angus L. Macdonald, ilivyoikuza sura ya Kiskoti kwa kiasi kikubwa ili kuvutia watalii, ingawa wakazi wengi hawakuwa Waskoti. Bahari ni ya wote. Lakini kuifuma bahari hiyo katika miraba ya Kiskoti ni uamuzi, na kila uamuzi humwacha mtu nje.

Daftari la Edinburgh

Kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pamoja pa kuziandikisha tartani. Mahakama ya Lord Lyon ilipokea baadhi, hasa za miji, majimbo na koo. Vyama vya wapenzi wa tartani vilikuwa na orodha zao, kila kimoja na yake. Hatimaye Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mwaka 2008, na tarehe 5 Februari 2009 likazinduliwa Daftari la Tartani la Uskoti. Orodha za zamani zilihamishiwa humo, na leo daftari hilo liko chini ya idara ya kumbukumbu za taifa mjini Edinburgh. Lina maelfu ya tartani, na mtu yeyote aweza kuzitafuta bila malipo.

Masharti yake hayana ugumu. Muundo lazima uweze kufumwa, uwe na mistari ya rangi mbili au zaidi, iendayo wima na ulalo na kuzaa miraba inayojirudia. Mwombaji hutoa picha, hesabu ya nyuzi na maelezo ya chimbuko la muundo. Kama kijani ni msitu, ataeleza ni msitu upi. Muundo uwe mpya, usifanane na uliokwisha kuandikishwa. Jina nalo liwe la pekee, na mwombaji aonyeshe uhusiano wake nalo. Si lazima awe Mskoti, wala si lazima aishi Uskoti. Akikubaliwa hulipa ada, hupewa cheti, na tartani yake hupata namba na tarehe.

Wapo wanaodhani kuwa cheti hicho humpa mtu umiliki. Sivyo. Sheria ya mwaka 2008 haikuunda hakimiliki mpya. Daftari linathibitisha kuwa muundo fulani upo, umeandikwa tarehe fulani, kwa jina fulani na kwa sababu fulani. Anayetaka kumzuia mwingine asiifume nguo hiyo lazima atafute ulinzi katika sheria nyingine.

Yaweza kuonekana kuwa faida hiyo ni ndogo. Lakini tuikumbuke historia tuliyoipitia. Wilson alibadilisha majina kwa ajili ya soko, ndugu wawili wakaghushi hati, na machifu wakatia muhuri nguo wasiyoijua. Dawa ya yote hayo ni tarehe ya kweli na maelezo ya kweli. Tartani ya Nova Scotia haimdanganyi mtu kuhusu umri wake. Inasema wazi: nilibuniwa mwaka 1953, na fulani, kwa ajili ya mchungaji aliyemo pichani. Kwa maana hiyo ni ya kweli zaidi kuliko tartani nyingi zinazojigamba kuwa za kale.

Kwa sisi tunaoishi mbali na makwetu, jambo hili lina uzito wake. Tartani ya ukoo humuuliza mtu: baba yako ni nani? Tartani ya mahali humuuliza: unatoka wapi, na umepaona nini? Swali la pili huweza kujibiwa na mtoto wa kulea, na mgeni aliyehamia, na hata mjukuu aliyezaliwa ughaibuni anayeijua bahari ya bibi yake kwa kusimuliwa tu. Ndilo swali alilolijibu msafiri wa Martin mwaka 1703 alipoitazama nguo na kukisia kisiwa. Na jibu lake likaandikwa kwanza na mwanamke, kwa hesabu ya nyuzi, juu ya kijiti.